Siwema Analia Ukurasa wa Themanini

Kwanza niseme hivi, ili tusije tukagombana baadaye: mimi sina hasira. Watu wa Kariakoo wanasema nina hasira kwa sababu naongea nikasikika. Sasa mtaa wenyewe huu, na spika zake na mikokoteni yake, ukiongea kwa upole utamuuzia nani? Nauza vitenge Mtaa wa Mkunguni, huu mwaka wa kumi na tisa. Naitwa Zulekha, lakini ukifika pale ukamuulizia Zulekha, vijana watakuuliza, "Zulekha yupi? Siwema?" Na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Siwema ni mtu wa kitabuni. Katungwa na Pius, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, muuza zipu, vifungo na nyuzi. Pius ni Mngoni wa Peramiho, mimi Mhehe wa Kalenga, kwa hiyo ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana. Kila asubuhi ananiuliza kama mbwa nimemmaliza au nimembakiza wa mchana, maana eti Wahehe tunakula mbwa. Mimi namuuliza kama miguu imeshapoa, maana ukoo wake ulikimbia kutoka Afrika Kusini mpaka Songea bila kugeuka nyuma. Tukimaliza hapo tunafungua maduka. Chini ya kaunta Pius ana daftari, na wateja wakipungua anaandika.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka jana. Kinahusu mji unaoitwa Jivuni, ambako mtawala, Bwana Jivu, amepiga marufuku rangi zote. Nyekundu, kijani, manjano, zote zimefungiwa kwenye mapipa chini ya ngome, na watu wanavaa kijivu tangu kuzaliwa mpaka kaburini. Ukikutwa na hata uzi mwekundu unatupwa Uwanda wa Majivu, na huko harudi mtu. Ndipo anatokea mwanamke mmoja, Siwema, sauti yake inafika kabla hajafika mwenyewe, silaha yake mita ya mbao ya mninga. Mita ya mninga, unanisikia? Mimi hapa dukani napimia vitambaa kwa mita ya mninga niliyoachiwa na marehemu mama mkwe wangu, na vibaka wawili wa simu wameshaionja. Siwema akitaka kupiga anasema kwanza "Ebo!" Mimi nasema "Ebo!" Halafu ukimuuliza Pius, eti kamtoa kichwani tu.

Sikukasirika. Nilifurahi, tena sana. Kitabu kiliuzwa mkono kwa mkono, kikasomwa na wabeba mizigo, na mama ntilie, na wauza viatu wa Mtaa wa Congo. Vijana wa mikokoteni wakawa wanapita wakipiga kelele, "Siwema, pisha, mzigo mzito!" nami napisha huku natabasamu kama mke wa mbunge. Pius akatangaza kwamba vitabu vitakuwa vitatu. Cha kwanza Siwema anaanzisha vita, cha tatu anafungua mapipa. Nikamuuliza, na cha kati? Akasema cha kati bado anakifikiria.

Sasa kuna mtu mwingine, nisipomtaja sasa hivi hutanielewa mbele. Maimuna. Tulikaa frem moja ya duka miaka kumi na saba, mimi na vitenge vyangu, yeye na khanga zake. Mmwera wa Nachingwea, mrefu, mpole, hana haraka hata mvua ikimkuta njiani. Mwanangu Mwanamkuu alijifunza kusoma amekaa juu ya marobota ya Maimuna, na akiumwa hakujua amlilie nani kati yetu.

Mwaka juzi Mwanamkuu akaolewa. Kama wewe si mtu wa harusi za Dar, nikueleze: upande wa bibi harusi una sare yake, upande wa bwana harusi una yake, na kila upande unaficha ya kwake mpaka siku yenyewe. Na mimi mama wa bibi harusi ndiye muuza vitenge! Mji mzima ulikuwa unasubiri nitatoa nini. Nilipata kitenge cha manjano chenye mabawa ya kijani, kipya, hakijaonwa na mtu, nikakipandisha darini. Waliojua ni wawili tu, mimi na Maimuna. Siku ya siku mlango wa ukumbi ukafunguliwa, upande wa bwana harusi wakaingia wanacheza, wanawake thelathini, na wote wako ndani ya manjano yenye mabawa ya kijani.

Mtume! Msema chochote wa ukumbi hakujua ampe nani kipaza sauti. Wapiga picha walitupanga tukapangika hovyo. Sinia langu mimi, mama mzazi, alipelekewa shangazi wa bwana harusi, naye akalila bila hata kuuliza.

Siku ya tatu yake nikasimama katikati ya Mtaa wa Mkunguni nikamwambia Maimuna maneno. Siyarudii hapa yote. Nilimwita msaliti, nikasema ameuza siri ya mwanangu kwa sababu yeye hana wa kumuoza, na hilo la mwisho ndilo linaloniuma mpaka leo, maana Maimuna hakujaliwa mtoto. Watu walijaa. Mpaka yule shangazi mla sinia alikuwepo, kaja kuturudishia masufuria. Maimuna alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akakunja khanga zake moja moja, akahamia frem ya tatu kutoka kwangu. Kuanzia siku hiyo hatukusalimiana. Mwaka na miezi minane.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza kilipotoka nikakuta Siwema ana shoga anaitwa Nuru, na maficho yao yakavamiwa na askari wa Bwana Jivu, na Siwema akamwona Nuru msaliti, akamfukuza akaishie huko huko Uwanda wa Majivu, hapo nilimpigia Pius makofi. Nikamwambia, umeandika haki, mtani. Yeye akafuta miwani yake, akasema, "Ngoja cha kati."

Basi. Wiki iliyopita nikasikia Maimuna anafunga frem. Mama yake kazidiwa, anarudi Nachingwea kumuuguza, na haielekei kama atarudi tena. Basi lake ni Ijumaa alfajiri. Nikasema sawa, aende. Nilisema hivyo mara nyingi sana siku ile, mpaka mteja mmoja akaniuliza naongea na nani.

Jumatano asubuhi Pius akavuka barabara na bahasha ya kaki. "Mtani," akasema, "kitabu cha kati hiki. Jumatatu kinaenda kwa mchapaji. Kisome leo."

"Leo kuna nini?"

"Hakuna kitu. Soma leo tu."

Nikavuta kigoda, nikaanza. Ukurasa wa kumi, hajapigwa mtu. Ukurasa wa ishirini, Siwema anatembea. Wa thelathini, anatembea na mawazo. Nikamwita Pius kwa sauti, "Huyu mwanamke kaishiwa na nauli?" Akanionyesha kwa mkono niendelee. Nikaendelea. Wa arobaini akapatikana askari mmoja wa kupigwa, mita ikainuliwa, halafu Siwema akaishusha, eti kamwonea huruma. Khaa! Wateja wawili walikuja kununua pisi za sare nikawaambia wasubiri, nina msiba.

Ukurasa wa themanini ndio ulionimaliza. Siwema amemkamata askari mzee, anamuuliza, Nuru aliwapa nini mpaka akawaonyesha maficho yetu? Askari anacheka mpaka anakohoa. Anasema, "Nuru ni nani? Sisi hatumjui. Tulikufuata wewe. Mji mzima umevaa kijivu, wewe siku tisa unatembea sokoni umejifunga kitambaa cha manjano kichwani. Tumfuate nani mwingine?" Siwema anakaa chini kwenye majivu. Mita inamtoka mkononi. Na analia, ukurasa mzima, hakuna kingine anachofanya ukurasa ule isipokuwa kulia.

Nilivuka barabara bila kuangalia bodaboda.

"Siwema halii!" nikamwambia Pius.

"Shikamoo kwanza," akasema. Mimi namzidi miaka minne na hajawahi kuniamkia siku yoyote isipokuwa akitaka kuniudhi.

"Shikamoo yako baki nayo. Kitabu cha kwanza alikuwa mwanamke wa haja. Hiki umeniletea nani?"

"Kitabu cha kwanza kapiga watu kumi na saba, mtani. Nikikuletea wengine kumi na saba, msomaji atalala. Kitabu cha kati mtu lazima akue."

"Ana miaka arobaini na sita! Akue aende wapi?"

Pius akaweka chini kibati chake cha vifungo. "Sijaandika popote umri wake," akasema. "Umeujuaje?"

Wauza mikanda wa jirani wakaanza kucheka kwa kuinamisha vichwa, wale wanafiki. Nikamwambia Pius nampeleka mbele. Akasema nikienda nimsalimie mwenyekiti.

Mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa wetu ni Mzee Anuari. Nilimkuta na bakuli lake la supu ya utumbo na chapati mbili, akanikaribisha, nikakataa, nikasema nimekuja na malalamiko. Akafuta mikono, akafungua daftari la kesi, akachukua kalamu.

"Mlalamikaji?"

"Mimi."

"Mlalamikiwa?"

"Pius wa zipu. Kaniandika."

Kalamu ikasimama. "Pius si Mngoni?"

"Ndiyo."

"Na wewe si Mhehe?"

"Mzee Anuari, kabila linaingiaje?"

Akafunga daftari. "Mama Mwanamkuu, mtani hashtakiwi. Siku mtani wako akifa utaingia msibani kwake umevaa suruali yake umepaka masizi, na hakuna atakayekuuliza. Leo yeye kakuandika, na mimi nimuulize nini? Na wewe mwandike."

"Lakini ni uongo! Eti Siwema ndiye aliyejifunga kitambaa cha manjano, akajifichua mwenyewe!"

"Siwema ni nani?"

"Mtu wa kitabuni."

"Sasa wewe unalalamikia nini?"

Mzee Anuari akachovya chapati, akatafuna taratibu, akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Ila kile kilemba," akasema, "ulikivaa."

"Kilemba gani?"

"Rudi dukani, mama. Supu inapoa."

Nikarudi nimevimba. Nikasema hawa wote wamelishana maneno, sasa nitawaonyesha ushahidi. Mimi kila asubuhi kabla ya kufungua najipiga picha na mzigo mpya naiweka stetasi ya wasapu, wateja waone. Na picha zote ninazo, sifuti. Nikakaa nyuma ya marobota, nikaanza kurudi nyuma kwenye simu, mwaka huu, mwaka jana, mwaka juzi, mpaka mwezi wa harusi. Nilikuwa natafuta picha moja tu niko kichwa wazi, au nina mtandio wangu wa kila siku, nimpelekee Pius aimeze.

Siku tisa kabla ya harusi, mimi hapo. Kilemba cha manjano chenye mabawa ya kijani, nimekifunga kikubwa, kimekaa vizuri, sikatai. Siku nane kabla, mimi na kilemba. Saba, mimi na kilemba. Sita, nimeinamisha kichwa ili mabawa yaonekane, na chini nimeandika, "Ngojeni harusi yangu ndiyo mtajua." Tano, nne, tatu. Yaani sare nimeificha darini, na kipande chake nimekifunga kichwani! Na kwenye simu yangu walikuwemo wakwe wote, shangazi mtu, mawifi, mpaka mshonaji wao. Kariakoo yote hii, mtu akishajua kitenge anachokitafuta, atakikosa?

Picha ya siku ya tano kuna mkono umeingia pembeni, mrefu, una bangili ya shaba. Mkono wa Maimuna, unakifuata kile kilemba. Hapo nikakumbuka. Alisema, "Vua hicho kitu, Zule, wakwe zako wote unao kwenye simu." Na mimi nilimjibu nini? Nilimwambia, "Acha wivu."

Niliona aibu. Sijui niiseme vipi, aibu ya kutaka kujifunika marobota nisitoke tena. Mwaka na miezi minane namnunia mtu aliyejaribu kuniokoa kwa mkono wake. Na alikuwa anaondoka keshokutwa, na mimi nilimkumbuka kila siku ya Mungu, kila nikifungua chupa ya chai nilikuwa namimina vikombe viwili halafu namimina kimoja nje. Ndiyo, nilimkumbuka. Nimesema.

Nikafunga duka saa nane mchana, jambo ambalo mtaa mzima ulitoka kulitazama, nikapanda bajaji mpaka Magomeni.

Maimuna amepanga chumba nyumba moja ya Kiswahili, chumba cha pili kulia, njia naijua hata nikifumba macho. Nikapiga hodi. Akaitikia karibu kabla hajajua ni nani, halafu akaniona, akageuza uso. Niliingia hivyo hivyo. Godoro limeshakunjwa, mafurushi matatu yamefungwa kwa kamba, na yeye amekaa juu ya moja anafunga la nne.

"Habari za hapa," nikasema.

"Nzuri."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda kisicho na godoro, mbao ikanichoma. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote. Kilichotoka ni hiki: "Pius kaandika upuuzi. Nimekuja nikwambie ukikutana na hicho kitabu usikisome, kimeharibika katikati."

"Alinisomea Jumapili," akasema Maimuna.

"Chote?"

"Mpaka themanini."

Akaendelea kufunga kamba. Mimi nikaangalia mikono yake, bangili ileile.

"Ni mimi," nikasema. "Kilemba. Nimeona picha leo. Ni mimi mwenyewe niliyetoa sare ya mwanangu."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokivaa, Zule. Si nilikuwa nimekaa pembeni yako?"

"Sasa mbona siku ile mtaani hukunijibu? Mimi nakutukana, wewe unakunja khanga! Ungesema neno moja tu, Maimuna, moja!"

Hapo akaacha kamba. "Shangazi wa mume wa mwanao alikuwa amesimama pale na masufuria," akasema. "Mwanamkuu ana siku tatu kwenye ndoa. Niseme mbele yake kwamba mama wa bibi harusi kavaa sare kichwani siku tisa kwa maringo, halafu kaja kumtukana mtu mtaani? Wangemcheka yule mtoto kila akiingia jikoni. Nikaona bora mimi niwe msaliti. Mimi sina mkwe wa kunicheka. Wewe mwenyewe ulinikumbusha."

Nililia. Siwema alilia ukurasa mmoja, mimi nililia kitabu kizima. Sikuona haya mbele ya wapangaji waliokuwa wanapita uani na ndoo zao taratibu kuliko inavyohitajika. Nilimwambia Maimuna nisamehe. Nikasema nisamehe kwa kilemba, nisamehe kwa maneno, nisamehe kwa lile la mtoto kuliko yote. Nikamshika magoti.

Maimuna alinipa upande wa khanga nijifute. Akasubiri nimalize kupenga.

"Ulinitukania wapi?" akaniuliza.

"Mtaani."

"Wapi mtaani?"

"Mkunguni. Katikati ya barabara."

"Na radhi unaniomba wapi?"

Nikaangalia chumba. Kitanda kitupu, mafurushi, na msumari ukutani uliobaki wenyewe.

"Hapa hakuna aliyesikia ulichoniita," akasema Maimuna. Hakupandisha sauti, hajui kuipandisha. "Waliosikia wako kule. Mwaka na miezi minane nauza khanga hatua kumi na mbili kutoka kwako, mteja akipita nasikia wanamnong'oneza, usimwambie siri yule. Mimi nakupenda, Zule. Lakini hiki ulichonipa hapa chumbani ni kidogo. Kesho saa nne nakuja kumkabidhi Mzee Anuari ufunguo wa frem."

Akarudi kwenye kamba yake.

Nikwambie ukweli, njiani nilikasirika. Nikasema huyu naye kazidi, magoti nimemshika, anataka nini tena? Nilipofika Msimbazi hasira ikaisha, nikabaki na woga. Maana ni kweli matusi nilimpa mbele ya Kariakoo nzima, na radhi nilimpelekea mafichoni. Nikampigia simu Mwanamkuu, nikamweleza yote, nikamwambia kesho mama yako anakwenda kujianika, na wakwe zako watapata habari kabla ya adhuhuri.

"Wacheke tu, mama," akasema. "Mimi nina mimba ya miezi mitano ya mtoto wao. Watanipeleka wapi?" Halafu akasema, kwa sauti nyingine, "Mwambie mama Maimuna nitakuja kumuaga."

Alhamisi saa nne kamili Maimuna akatokea, kavaa buibui la safari, ufunguo uko mkononi. Mzee Anuari alikuwa anamsubiri mbele ya frem na daftari lake. Mtaa ulikuwa umechangamka, machinga wameshatandaza, spika ya muuza dawa za mende inarudia tangazo lake, mkokoteni wa majora umeziba njia nusu. Nikatoka dukani. Mita niliiacha ndani. Nikamfuata yule wa dawa za mende, nikamwambia zima.

Akanitazama usoni, akazima, akavuta na meza yake nyuma.

"Oyaa, Siwema anapiga mtu leo!" kijana mmoja wa mkokoteni akapaza sauti. Watu wakaanza kujisogeza, wengine wakatoa simu. Ng'ambo Pius akasimama nyuma ya vifungo vyake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani usoni.

Nikasimama katikati ya barabara, pale pale. Mimi ninayesikika mpaka mtaa wa tatu, nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya mtoto aliyevunja sahani.

"Mnakumbuka mwaka juzi nilimtukana Maimuna hapa," nikasema. "Nilisema kauza siri ya sare ya mwanangu. Maimuna hakuuza kitu. Sare niliitoa mimi. Nilijifunga kilemba chake siku tisa, nikajipiga picha, nikawatumia mwenyewe wakwe zangu. Maimuna alinikataza, nikamwambia ana wivu. Na alijua, na akanyamaza, ili mtoto wangu asichekwe. Nikamwambia maneno ya mtoto ambayo hayasemwi na binadamu. Nilimsingizia. Maimuna, naomba radhi."

Mtaa ule nimekaa miaka kumi na tisa, sijawahi kuusikia umenyamaza. Halafu mama mmoja wa vitumbua akaanza, "Siku tisa? Kichwani?" na kicheko kikaanzia kwake kikapita kwa wauza mikanda kikafika kwa wabeba mizigo. Nikawaacha wacheke. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na sikumwangalia mtu isipokuwa yeye.

Maimuna alikuwa amesimama mbele ya frem yake. Akampa Mzee Anuari ufunguo aushike. Kisha akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sijasikia," akasema.

Wakapiga kelele wote. Nikarudia, tangu kilemba mpaka radhi, safari hii kwa sauti yangu mwenyewe, ile ya kuuzia vitenge, na hakuna aliyecheka. Nilipomaliza, Mzee Anuari akasafisha koo, akasema nadhani inatosha, mama, barabara imefungwa.

"Bado," akasema Maimuna. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Watu wa Mtaa wa Congo hawajasikia."

Nikavuta pumzi, nikaanza upya.